Kumchagua Mbwa Anayelingana na Nyumba Yako: Mwongozo kwa Wakazi wa Nairobi

Mbwa wengi wa Nairobi huingia nyumbani wakiletwa na hofu. Nyumba ya jirani huvunjwa usiku wa Jumanne, na kufikia Jumamosi familia tatu za mtaa huo zimekwisha kununua watoto wa mbwa, kila moja ikitaka aina kubwa na kali kuliko ya mwenzake. Wengine huletwa na picha: mbwa mweupe mwenye manyoya kama pamba ameonekana kwenye simu ya mtoto, na mzazi anaombwa amtafute kabla ya sikukuu kufika. Miezi sita baadaye mbwa wa hofu amefungiwa bandani mchana kutwa akiwabwekea hata wenyeji, na mbwa wa picha yuko roshani, manyoya yameshikamana, akilia kwa upweke. Nimefuga mbwa kwa miaka mingi, kwanza katika gorofa ya South B na baadaye kwenye kiwanja chenye ua huko Ongata Rongai, na karibu kila mbwa niliyewahi kuona akitupwa au akiteseka alikuwa mbwa mzuri aliyepelekwa kwenye nyumba isiyomfaa. Ndiyo maana katika mwongozo huu majina ya aina za mbwa yanakuja baadaye, baada ya kuichunguza nyumba yenyewe na saa za watu wanaoishi humo.

Hatua ya kwanza: andika siku yako ilivyo

Chukua daftari, na kwa muda wa wiki mbili uandike saa unayoamka, saa unayoondoka, saa unayorudi, na nani anayebaki nyumbani katikati ya hapo. Mkazi wa Kitengela anayefanya kazi Westlands huondoka saa kumi na moja alfajiri ili aepuke msongamano wa Barabara ya Mombasa, na akirudi saa mbili usiku ana nguvu za kula na kulala tu. Mtu huyo anaweza kuwapenda wanyama kwa moyo wote, lakini akinunua Border Collie, mbwa aliyezalishwa kuchunga kondoo milimani tangu asubuhi hadi jioni, atakuwa amemhukumu kiumbe huyo kukaa bila kazi kwa saa kumi na tano kila siku. Mbwa asiye na kazi hujitafutia yake: huchimba mashimo chini ya ua, hutafuna viatu na viti, au huzunguka mahali pamoja mpaka ardhi inafanya njia.

Baada ya wiki mbili utaona ni dakika ngapi kwa siku unazo kweli za kutembea na mbwa, kumfundisha na kumchana. Andika idadi ya siku ya kawaida, ile ya mvua ya Aprili na uchovu wa katikati ya wiki, na usiongozwe na Jumamosi moja iliyokwenda vizuri. Mwenye nusu saa anaweza kumfuga vizuri mbwa mdogo aliyekomaa. Mwenye saa nzima, asubuhi na jioni zikijumlishwa, ana nafasi ya kuchagua aina nyingi za wastani. Aina za kuchunga, kuwinda na kuvuta mizigo zinahitaji saa moja na nusu hadi mbili, tena pamoja na mazoezi ya akili, kwa sababu ziliumbwa kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi ili zisichoke.

Kuna jambo moja ambalo familia nyingi hulipita kimya. Katika nyumba nyingi za jiji hili, anayemlisha mbwa, anayeosha banda lake na kumshika wageni wanapobisha hodi ni mfanyakazi wa nyumbani au mlinzi wa lango, ilhali anayemchagua mbwa huyo ni mtu mwingine kabisa. Keti na mfanyakazi wako kabla ya kuamua chochote. Muulize kama anaogopa mbwa, kama aliwahi kuumwa, kama dini yake inamruhusu kumgusa, na kama ana muda wa kazi hiyo juu ya kazi alizo nazo. Akikubali, iingizwe katika mapatano yenu na katika mshahara wake. Akikataa, basi kazi hiyo ni yako, na daftari lako litakuambia kama unaiweza.

Hatua ya pili: pima makao, na uwapime majirani pamoja nayo

Kwa mpangaji wa gorofa, swali la kwanza ni ruhusa. Mikataba mingi ya upangaji hukataza wanyama kwa sentensi moja iliyofichika karibu na mwisho, na msimamizi wa jengo aliyekwambia kwa mdomo kwamba hakuna shida huenda asiwepo siku mwenye nyumba atakapopokea malalamiko. Omba ruhusa kwa maandishi. Kwa mwenye kumiliki, tangu sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa majengo kwa sehemu, shirika la wamiliki ndilo linalosimamia jengo pamoja na kanuni zake, kwa hiyo soma kanuni hizo kabla hujalipa arubuni ya mbwa.

Watu hudhani kwamba gorofa hutaka mbwa mdogo na kiwanja hutaka mbwa mkubwa. Dhana hiyo imewaponza wengi. Katika gorofa, sauti ina uzito kuliko ukubwa, na mbwa wadogo wengi wana sauti kali. Japanese Spitz, ambaye amependwa sana Nairobi kwa weupe wake na uzito wake wa kilo tano hadi kumi, ni mbwa mchangamfu na mwenye mapenzi, lakini hutangaza kila hatua inayopita kwenye ngazi. Jack Russell naye ana mwili wa kubebeka na nguvu za mbwa wa mara tatu yake. Alizalishwa Uingereza katika karne ya 19 na mchungaji wa kanisa, John Russell, kwa ajili ya kuwafuata mbweha hadi ndani ya mashimo yao, na hamu hiyo ya kuchimba na kukimbiza haijamtoka. Kwa upande mwingine, Labrador mtu mzima anayetembezwa vizuri asubuhi na jioni anaweza kulala sebuleni siku nzima bila jirani kujua kwamba yupo.

Wenye viwanja huko Rongai, Syokimau, Ruiru au Karen hujidanganya kwa namna yao. Husema mbwa ana robo ekari, kwa hiyo atajitembeza mwenyewe. Hajitembezi. Akishazoea kila kona ya kiwanja, hulala kando ya mlango akingoja mtu. Kiwanja humpa mahali pa kujisaidia na pa kuotea jua, lakini matembezi nje ya lango, ambako kuna harufu mpya na watu wapya, hayana kibadala. Na kwa wale wanaoishi pembezoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, usisahau chui: hupita usiku katika mashamba ya Karen na Lang'ata, na mbwa aliyefungwa kwa mnyororo nje hana pa kukimbilia. Huko mbwa wa ukubwa wowote alale ndani au katika banda imara lenye paa.

Majirani nao ni sehemu ya makao. Katika mitaa kama Eastleigh na South C wanaishi Waislamu wengi wa madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayomlazimu mtu kujitoharisha kabla ya sala. Kumfuga mbwa wa ulinzi hakukatazwi, lakini mbwa anayemrukia kila mtu kwenye ngazi kumlamba mikono anamtia jirani katika usumbufu wa kweli. Ukikaa mtaa kama huo, chagua aina isiyowaendea wageni mbiombio, umfunze kukaa anapoambiwa, na umshike kwa kamba katika njia za pamoja.

Hatua ya tatu: amua unamtaka kwa kazi gani

Andika sentensi moja tu inayoanza kwa maneno "Ninataka mbwa ili..." na uimalize kwa ukweli. Ukijaza "alinde nyumba", jiulize tena kama unataka mbwa wa kukujulisha au mbwa wa kumzuia mtu kwa meno. Hizi ni kazi mbili tofauti kabisa, na tofauti yake ndiyo chanzo cha makosa makubwa zaidi katika uchaguzi wa mbwa hapa jijini.

Mbwa wa kujulisha hubweka anaposikia nyayo zisizo za kawaida, nawe unaamka, unawasha taa na kupiga simu. Nyumba nyingi hazihitaji zaidi ya hilo. Kazi hiyo hufanywa vizuri na mbwa wa kienyeji wa kilo kumi na tano, na hata Dachshund huifanya. Mbwa wa kuzuia ni jambo lingine. Rottweiler dume huweza kufika kilo 60, na Boerboel wa Afrika Kusini huweza kuzidi kilo 70. Mbwa kama huyo akikosea, amemkosea mtoto wa jirani aliyekuja kuokota mpira, msomaji wa mita, shangazi aliyefika kutoka mashambani bila kupiga simu, au wanachama wa chama chenu waliokuja kwa mkutano wa mwezi. Nyumba ya Kiafrika ni nyumba ya kuingiwa na watu. Kabla ya kuleta mbwa mzito wa ulinzi, hesabu watu wanaopita langoni kwako kwa mwezi mmoja, na ujiulize nani atamshika kila wanapopita.

Naomba niseme wazi kuhusu desturi ya kumfungia mbwa mchana kutwa kwenye banda la giza na kumfungulia saa nne usiku ili awe mkali. Ninaipinga kwa kila niwezalo. Humzalisha mbwa mwoga, na mbwa mwoga huuma bila kubagua. Hajui mgeni wa heri na wa shari kwa sababu hajawahi kuwaona wageni mchana, katika hali ya amani, akiwa na mwenyewe kando yake. Mlinzi mzuri ni mbwa anayejua ukawaida wa nyumba yake, watu wake na saa zake, na kwa hiyo anatambua kisicho cha kawaida. Ukawaida huo haujifunzi akiwa kifungoni.

Kama sentensi yako inaishia na "anifanye nitembee", "awe rafiki wa mama aliyestaafu" au "watoto wakue naye", nenda nayo hivyo hivyo kwenye hatua inayofuata. Hizo ni sababu nzuri, na hakuna haja ya kuzivika vazi la ulinzi.

Hatua ya nne: chagua aina kwa kuangalia kazi iliyoiumba

Kila aina ya mbwa ilitengenezwa na watu kwa kazi fulani, na kazi hiyo hubaki mwilini hata kama mbwa hajawahi kuifanya. German Shepherd alianzishwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo, na ndiyo maana hutembea kando ya ua akiuzunguka kana kwamba kuna kundi ndani. Ni mwerevu, hufundishika haraka, na polisi wa nchi nyingi humtumia. Hata hivyo hunyonyoka manyoya mwaka mzima, hawezi kuachwa bila kufundishwa, na aina hii husumbuliwa na kasoro ya nyonga ambayo humlemaza akizeeka. Anamfaa mtu mwenye kiwanja, mwenye saa moja na nusu kwa siku, na mwenye subira ya mwalimu.

Rottweiler jina lake limetoka mji wa Rottweil, ambako mababu zake waliswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Akilelewa na watu ni mtulivu na mwenye kumng'ang'ania mwenyewe kwa mapenzi. Simshauri kwa mtu anayefuga kwa mara ya kwanza, wala kwa nyumba ambamo anayemtembeza ana uzito mdogo kuliko mbwa mwenyewe. Rhodesian Ridgeback, ambaye vigezo vya aina yake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922, ana mstari wa manyoya yaliyogeukia mbele mgongoni. Alitumiwa kuwafuatilia simba na kuwazuia hadi mwindaji afike. Manyoya yake mafupi yanaafiki hali yetu ya hewa, lakini anataka kukimbia, na ana akili ya kujiamulia ambayo huwachosha wanaotaka utii wa papo hapo.

Kwa familia zenye watoto, Labrador husifiwa sana, na sifa hizo anazistahili kwa sehemu kubwa. Asili yake ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, aliyezalishwa kuleta vitu mdomoni bila kuvitoboa, na ule ulaini wa mdomo ni tabia njema karibu na watoto. Ila miaka miwili ya kwanza ana nguvu za kuangusha mtoto wa miaka mitatu kwa furaha tu. Pia ana ulafi: watafiti walieleza mwaka 2016 kwamba takribani robo ya Labrador wana kasoro ya jeni inayowafanya wahisi njaa kupita kiasi. Katika nyumba ambamo kila mtu humtupia mabaki ya chapati, atanenepa mpaka viungo vimshinde. Watoto wafundishwe nao pia: wasimkaribie mbwa anapokula wala anapolala, na mtoto wa chini ya miaka sita asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata yule mliyemlea tangu akiwa mdogo.

Siberian Husky ameenea mitaa ya wenye nacho kwa sababu ya macho yake ya buluu. Alizalishwa na Wachukchi wa Siberia kuvuta sleji kwenye barafu kwa masafa marefu. Nairobi iko juu kwa takribani mita 1,700, na usiku wa Julai ni baridi kwetu. Kwa Husky, adhuhuri ya Februari bado ni mateso. Huruka ua, hulia kwa sauti ya mbwa mwitu, na huwakimbiza kuku wa jirani. Sijaona nyumba zaidi ya mbili hapa ambazo zilimfaa, na zote zilikuwa za watu wanaokimbia mbio ndefu alfajiri.

Mbwa wa uso bapa, kama Pug na French Bulldog, wana tatizo la aina nyingine. Pua imefupishwa lakini nyama za ndani ya koo hazikupungua kwa kiasi hicho, kwa hiyo hewa hupita kwa shida, na kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kuhema, joto la kawaida tu linaweza kumuua. Jike wa French Bulldog mara nyingi hawezi kuzaa bila upasuaji. Ni wapole na hukaa gorofani bila kelele nyingi, lakini ukimchagua, mchague ukijua kwamba bili za daktari zinakuja, na umtafute mwenye pua iliyo wazi, anayepumua bila kukoroma akiwa macho.

Wadogo wa mapajani, kama Maltese, wanamfaa mzee anayekaa nyumbani na mtu wa gorofa ndogo, mradi kuna mtu wa kuwachana kila siku, maana manyoya yao hayaachi kukua. Basenji, ambaye asili yake ni Kongo, habweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti ya kughani. Ni msafi mno, hujilamba kama paka, na ana ukaidi wa paka pia.

Sasa nifike kwa yule ninayempenda kuliko wote, mbwa wa kienyeji. Wengi humwita mbwa koko na kumfikiria baada ya wengine wote, nami nadhani kwa nyumba nyingi za Nairobi ndiye wa kufikiriwa kwanza. Ukubwa wake ni wa wastani, manyoya yake mafupi hayataki fundi, hana uso bapa wala mgongo ulioteremshwa kwa ajili ya maonyesho, na damu yake iliyochanganyika humpunguzia magonjwa ya kurithi yanayozisumbua aina zilizozalishwa ndani kwa ndani. Huwa macho usiku. Anahitaji chanjo na dawa ya kupe kama mwenzake wa bei ghali, kwa maana ukienyeji si kinga ya magonjwa.

Jambo moja la kukumbuka katika hatua hii: aina ni mwelekeo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kwamba aina huelezea takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Umbo, ukubwa na manyoya utavijua kutokana na aina. Lakini upole, woga na urafiki lazima uvitafute kwa mbwa yule mmoja aliye mbele yako, kwa mama yake, na kwa namna atakavyolelewa.

Hatua ya tano: piga hesabu kwa kilo na kwa miaka

Bei ya kununua ni sehemu ndogo ya gharama. Mbwa wa kilo 30 hula takribani gramu 400 za chakula kikavu kwa siku, yaani kilo 12 kwa mwezi. Spitz wa kilo sita humtosha kama gramu 110. Uliza bei ya kilo dukani kwako, zidisha, kisha uzidishe kwa miezi 12 na kwa miaka kumi au zaidi. Mbwa wadogo huweza kuishi miaka 14 na kupita, ilhali majitu kama Great Dane mara nyingi hayafiki kumi. Ongeza chanjo za kila mwaka, dawa ya minyoo, dawa ya kupe na viroboto kila mwezi, na upasuaji wa kuhasi au wa kufunga uzazi. Dozi nyingi hupimwa kwa uzito, kwa hiyo mbwa mzito huzidi mwepesi katika kila risiti. Dawa ya kupe usiikate ili kuokoa fedha, kwani homa ya kupe inaua, na kupe wa Nairobi hawana msimu wa likizo.

Wanaopika ugali kwa matumbo au omena nyumbani wanaweza kumlisha mbwa vizuri wakipata ushauri wa daktari kuhusu kiasi cha nyama na madini. Lakini ile desturi ya kumpikia mbwa unga wa mahindi yaliyoota ukungu, kwa kuwa watu hawawezi kuyala, iachwe kabisa. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo, iliwaua Wakenya 125 katika maeneo ya mashariki mwaka 2004, na ini la mbwa haliistahimili sumu hiyo hata kidogo. Unga usioufaa mtoto wako haumfai mbwa wako.

Hatua ya sita: mtafute mahali sahihi

Mbwa wangu wa kwanza nilimnunua kando ya barabara kuu, dirishani mwa gari, taa zikiwa nyekundu. Muuzaji alimtaja kuwa German Shepherd wa wiki nane. Siku ya tatu aliacha kula, siku ya nne alitapika na kuharisha damu. "Mama, huyu hajamaliza hata wiki sita, na hakuna chanjo hapa," daktari aliniambia akimkagua meno. Alikufa kwa parvo, ugonjwa wa virusi vya matumbo, asubuhi iliyofuata, na watoto wangu walimzika chini ya mpera wa nyanya yao. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na aliyelipa gharama yenyewe ni yule mdogo. Virusi vya parvo hubaki kwenye udongo kwa miezi mingi, kwa hiyo hata aliyemfuata ilibidi asubiri chanjo zake zote kabla ya kukanyaga uani.

Kwa sababu hiyo, usimnunue mtoto wa mbwa bila kufika alikozaliwa. Omba kumwona mama yake, umtazame kama ana amani watu wanapomkaribia, maana watoto hurithi na kuiga woga wa mama. Usimchukue chini ya wiki nane. Dai kadi ya chanjo yenye vibandiko vya chupa na sahihi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kwa anayelipa bei ya nasaba safi, hati za nasaba kutoka East Africa Kennel Club ndizo ushahidi. Maneno ya muuzaji hayatoshi. Kwa German Shepherd, Rottweiler na Labrador, uliza kama nyonga za wazazi zilipigwa eksirei. Mzalishaji mwema hafurahii kukuuzia haraka. Atakuuliza maswali mengi kuhusu nyumba yako, na ukiona hakuulizi hata moja, ondoka.

Njia ninayoipendekeza kwanza kabisa ni kuasili. KSPCA, shirika la kulinda na kutunza wanyama huko Lang'ata, hutoa mbwa waliochanjwa na kufungwa uzazi, wengi wao wa kienyeji na machotara, na wahudumu wake wanawajua kwa majina na tabia. Kwa mwenye saa chache, mbwa mtu mzima wa miaka miwili au mitatu ni chaguo bora kuliko mtoto: ukubwa wake umekwisha kujulikana, sauti yake inasikika siku hiyo hiyo, na hahitaji kutolewa nje kila baada ya saa mbili kama mtoto wa mbwa.

Hatua ya saba: nenda mara mbili kabla ya kusema ndiyo

Ziara ya kwanza nendeni wote, pamoja na mfanyakazi wa nyumbani na mtoto mdogo kuliko wote. Keti chini. Mtoto wa mbwa anayekuja kunusa, anayeshtuka sufuria ikianguka kisha akarudi kuichunguza, ana moyo wa kuishi mjini kwenye honi za matatu na fataki za mwaka mpya. Anayejificha nyuma ya wenzake atahitaji mtu mzoefu, na yule anayewakanyaga wenzake ili akufikie kwanza atahitaji mtu mwenye muda. Kwa nyumba ya kawaida, wa katikati ndiye. Umwinue, umguse makucha, masikio na mdomo. Macho yawe safi, tumbo lisiwe limevimba kwa minyoo.

Kisha rudini nyumbani bila mbwa. Subirini siku tatu, mkisoma tena daftari la hatua ya kwanza. Ikiwa daftari linasema bado, kuna njia nyingine za kuwa na mbwa maishani: kumtembeza mbwa wa jirani mzee, au kwenda Msitu wa Karura Jumapili, ambako mbwa huruhusiwa wakiwa kwenye kamba, na kuwaona wa aina nyingi wakiwa na wenyewe ambao watakueleza kwa furaha taabu na raha zao.

Ikiwa jibu ni ndiyo, tayarisha kabla ya ziara ya pili: bakuli mbili, kola yenye namba yako ya simu, kamba imara, na tandiko la kulalia mahali palipo karibu na watu. Omba kitambaa chenye harufu ya mama yake, ukiweke kwenye tandiko usiku wa kwanza, nawe ulale karibu vya kutosha asikie unapumua. Ndani ya siku mbili mpeleke kwa daktari wa mifugo, ukimbeba mikononi badala ya kumweka chini, mpaka ratiba ya chanjo ikamilike karibu na wiki ya 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akitimiza miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani, mahali ambapo kila mtu wa nyumba ataiona.